Nusu ya Pili ya Kitabu

Habari za kifo cha Kache zilinifikia asubuhi moja nikiwa ukumbini nachambua mchele. Aliyepiga simu alijitambulisha kuwa ni Dama, binti yake. Alisema aliipata namba yangu kwa kuulizia watu wanne hapa Malindi, na kwamba mamake angezikwa Jumamosi huko kwao Kaloleni. "Alikuwa akikutaja sana," akasema. Sikumuuliza alikuwa akinitaja vipi. Nilimpa pole, nikaweka simu chini, nikaendelea kuchambua mchele ule ule uliokwisha kuwa safi, maana mikono haikutaka kuacha. Nina miaka sitini na moja. Nimeifanya kazi ya kompyuta tangu ujana mpaka nilipostaafu, nimefundisha vijana ambao leo wana ofisi zao wenyewe, na kila niliposifiwa mbele za watu kuwa nilikuwa miongoni mwa wasichana wa mwanzo wa pwani yetu kuishika kazi hii, niliinamisha kichwa. Watu walidhani ni haya. Jumamosi ile nilivaa buibui langu, nikabeba kanga mbili mpya na kilo nne za sukari, nikashika njia ya Kaloleni ambayo nilikuwa nimeiahirisha kwa karibu miaka arobaini.

Mwaka ninaoukumbuka ni mmoja tu, katikati ya miaka ya themanini, na sehemu yake kubwa niliishi ndani ya chumba kimoja cha hoteli ya ufukweni. Hoteli sitaitaja, imebadilisha wenyewe na rangi mara nyingi, na waliopo sasa hawana kosa. Chumba kilikuwa stoo ya mashuka. Meneja alipoamua kwamba majina ya wageni na vyumba vyao yahame kutoka daftari kubwa la mapokezi yaingie kwenye kompyuta, rafu zilitolewa, dirisha likazibwa kwa mbao, ukutani likatobolewa tundu la kiyoyozi, na katikati ikawekwa meza yenye mashine ya kioo cheusi na maandishi ya kijani. Tuliajiriwa wasichana wawili kwa sababu tulijua kupiga taipu. Mimi nilitoka hapa hapa mjini. Kache alitoka Kaloleni, amesoma shule ya misheni, amepanga chumba cha makuti kule Maweni, na mtoto wake wa miaka miwili amemwacha kwa mamake. Siku ya kwanza Meneja alitutaka tuvue viatu mlangoni, akatuambia mwaka huo ni wa majaribio. Ukiisha, mmoja wetu angepelekwa Nairobi kwa mafunzo ya miezi sita na kurudi akiwa mwajiriwa kamili. Mwingine angeshukuriwa. Nami nyumbani nilikuwa nimekwisha pewa mwaka huo huo, na ng'ambo yake alikaa mchumba niliyemwona mara moja tu, akila tende na kutema kokwa kwenye kiganja. Nilikuwa tayari kufanya lolote nisiolewe na yule bwana.

Kitabu cha kuelekeza mashine kilikuwa kimoja, kinene, kwa Kiingereza kigumu, na kila mmoja wetu alitaka kwenda nacho kwao jioni. Tulikigombania wiki mbili. Kisha siku moja Kache akaenda jikoni kuazima kisu cha mkate, akakilaza kitabu mezani, akakikata mgongoni kwenye ukurasa wa mia na kumi na mbili. Nilishika kichwa. "Meneja atatuua," nikamwambia. "Meneja hajakifungua tangu kilipokuja," akasema, na ilikuwa kweli. Yeye alichukua nusu ya kwanza, yenye orodha ya yaliyomo na namna ya kuiwasha mashine na kuiamrisha. Mimi nikachukua nusu ya pili, iliyoeleza namna ya kuiandikia programu. Tulipatana kila mtu aimalize yake, kisha tubadilishane. Niliisoma yangu kitandani, na kamusi ya shule kifuani, mpaka nikaambiwa nitaharibu macho. Kwa kuwa mashine ilikuwa moja na vidole ishirini, Kache alichora kibodi kwenye boksi la sabuni, herufi kwa herufi, na mmoja alipokuwa mezani mwingine alikaa sakafuni akibonyeza boksi.

Saa ya chakula, nikisha kuswali adhuhuri, tulikaa kwenye kibao nyuma ya chumba cha dobi, mahali penye mvuke na harufu ya mashuka yaliyopigwa pasi. Mimi nilileta mahamri na mbaazi za nazi. Yeye alileta sima ya muhogo na mboga ya mchunga, akanicheka nilivyokunja uso kwa ule uchungu wake. Tulikula huku tunafundishana. Kwa kidole kilichopakwa nazi aliniandikia amri kwenye ubao wa kibao, akazifuta kwa kiganja, akaniambia nizirudie. Akimaliza kula alivuta sigara moja, moja tu, aliyopewa na dobi. Mara ya kwanza nilimkodolea macho, kwani sikuwahi kumwona msichana wa rika langu akivuta. "Funga mdomo, Rukia," akasema. "Kule kwetu akina hawe, bibi zetu, wanavuta na hakuna anayewatazama hivyo." Chumbani hakuivuta hata siku moja. Kile chumba alikiheshimu kuliko mimi. Nilimpenda Kache. Nalisema wazi kwa sababu yanayofuata yanaweza kumfanya mtu adhani sikumpenda.

Chumba kilikuwa na uvundo. Mashuka mabichi ya miaka mingi yalikuwa yamekwisha ingia ukutani, na kiyoyozi kilichofanya ni kuuzungusha uvundo ule na kutuletea mafua. Kwetu chumba chenye harufu mbaya kinajulikana dawa yake. Kila Ijumaa asubuhi nilikuja mapema na chetezo cha nyumbani, nikatia makaa, nikatia udi na ubani, nikafunga mlango nikakiacha chumba kinywe moshi kama kinavyofukizwa chumba cha bibi harusi. Nilikuwa nimeishonea mashine kitambaa cha kuifunika dhidi ya vumbi, kwa kipande cha leso. Hicho nacho nilikitandaza juu ya chetezo, kama tunavyofukiza nguo, mpaka kilipokolea, kisha nikakirudisha juu ya mashine kikiwa bado na moto wake. Kache alipofika alisimama mlangoni akavuta pumzi ndefu. "Leo twafanya kazi kwa mabibi harusi," alikuwa akisema. Meneja mwenyewe alikuwa akipita Ijumaa akasifu. Miezi tisa nilifanya hivyo, na kwa moyo mkunjufu.

Kati ya chumba chetu na ofisi ya Meneja palikuwa na ukuta wa mbao nyembamba. Siku moja ya Novemba, Kache akiwa mapokezi, nilimsikia Meneja akizungumza na mkubwa wa mapokezi. "Kichwa anacho yule wa Kaloleni," alisema. Mwenzake akauliza, "Na Rukia?" Meneja akasema, "Rukia ni mpole, mpangilifu, hana neno. Lakini kichwa ni cha yule. Nampeleka yule, awe na mtoto, asiwe naye." Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai. Nilikishika mpaka chai ikapoa. Mchana ule Kache alinifundisha kitu kuhusu kupanga majina kwa herufi, nami niliitikia kwa kichwa bila kusikia neno. Nilichosikia masikioni mwangu ni yule bwana akitema kokwa. Sikumwambia Kache nilichokisikia, na ingekuwa furaha kubwa kwake. Toka siku ile nikawa nasoma nusu yangu kwa pupa, nikiruka kila kilichoonekana si cha maana, ili nifike mwisho kabla yake. Mojawapo ya sura nilizoziruka iliitwa matunzo na usafi wa mashine. Nilidhani ni habari za kupangusa meza, na kupangusa meza nilikujua tangu utotoni.

Wiki ya kabla ya Krismasi, hoteli imejaa na mapokezi watu wamesimama na mizigo yao, mashine ilikataa kusoma. Nilikuwa nayo peke yangu. Kioo kiliandika kwamba diski haisomeki. Niliitoa, nikaipangusa kwa leso, nikairudisha, na safari hii mashine ilikwaruza, sauti nyembamba ya ukucha juu ya bati. Majina ya wageni wa mwezi mzima yalikuwamo, na daftari kubwa tulikuwa tumeliacha tangu Agosti. Kache akaingia mbio. Nilikuwa tayari nimeshika diski ya pili, ile ya nakala, iliyokuwa imebaki peke yake. "Ngoja," akasema. "Usiitie hiyo. Hatujui mashine ina nini. Nusu yako yasemaje?" Nikamwambia, "Haisemi kitu." Nikaitia. Ikakwaruza ile ile. Nilipoitoa tuliona kwenye kidirisha chake mstari mwembamba, duara zima, kama uliochorwa kwa sindano. Kache alikaa chini sakafuni karibu na boksi la sabuni. Huko nje mapokezi familia mbili zilikuwa zimepewa chumba kimoja na mtoto alikuwa akilia kwa Kiitaliano.

Jioni ile niliifungua sura niliyoiruka. Haikuwa ndefu. Niliisoma na kamusi, kisha bila kamusi, kisha nikaikalia. Kulipokucha nilikuwa wa kwanza hotelini. Niliacha mlango wazi upepo upite, nikafuta meza na kuta kwa maji ya sabuni, nikaling'oa lile funiko la leso juu ya mashine na kulitia kikapuni. Chetezo sikukileta tena. Kache alipofika aliitazama mashine ilivyokaa uchi. "Kitambaa kiko wapi?" akauliza. "Nimekipeleka kufua," nikasema. Alinitazama kidogo tu. Mezani mbele yake palikuwa na nusu yake ya kitabu, imefunguka mwanzoni, kwenye orodha ya yaliyomo. Aliifunga polepole, akaenda kuwasaidia watu wa mapokezi kuandika upya majina kwa mkono, chumba baada ya chumba, wakibisha milango ya wageni na kuwaomba radhi.

Fundi alikuja kutoka Mombasa mchana wa siku ya pili. Alifungua mashine kwa bisibisi, akachovya pamba kwenye spiriti, akaipitisha pale diski inapoguswa, na pamba ikatoka na rangi ya kahawia, nzito, ya kunata. Akaionyesha juu. "Moshi huu," akasema. "Miezi na miezi ya moshi. Nani anavuta sigara humu?" Meneja, ambaye udi wangu kwake ulikuwa harufu nzuri tu na si moshi, hakuuliza zaidi. Alimgeukia Kache, maana nani hotelini hakujua kile kibao cha dobi na sigara ya baada ya chakula? Kache akasimama wima. "Mimi navuta nje, bwana. Humu ndani sijavuta hata siku moja. Muulizeni Rukia, yuko humu siku zote." Wote watatu wakanitazama. Nilikuwa na neno moja la kusema, na nilikuwa na muda wa kulisema. Sitadai leo kwamba nilibanwa au nilishtukizwa. Nikasema, "Mimi saa ya adhuhuri huwa nimekwenda kuswali." Basi. Kila neno la sentensi ile lilikuwa kweli, na nimetumia maisha yangu yote kuirudia kichwani nikitafuta mahali pa kuikamata.

Kache alipewa mpaka saa kumi kukusanya vitu vyake. Hakulia wala hakubishana. Alitia kikapuni kikombe chake, kitana, na nusu ya kwanza ya kitabu, bila kumficha mtu. Mlangoni alivaa viatu. Nilimfuata mpaka kwenye geti la nyuma bila kujua namfuata kwa nini, nikitumaini labda atanitukana. Akasema, "Nenda ukasome, Rukia. Usome kweli kweli. Ukirudi tutabadilishana." Kisha akashika njia ya Maweni kwenda kufunga mizigo, na mimi nikarudi chumbani, nikafunga mlango, nikakaa mbele ya mashine ambayo sasa ilikuwa yangu peke yangu. Chumba kilikuwa kimeanza kunuka uvundo tena.

Nilikwenda Nairobi. Darasani tulikuwa wanaume kumi na saba na mimi, na nilisoma kwa bidii iliyowashangaza, maana hawakujua nilichokuwa nakikimbia. Mchumba wa tende alipata mwingine. Nilirudi, nikafanya kazi hotelini, kisha Mombasa, kisha sehemu nyingine nyingi. Kwenda Kaloleni ni safari ya saa chache. Mwaka wa kwanza nilijiambia nimechoka. Mwaka wa pili nilijiambia atakuwa amesahau. Baada ya hapo niliacha kujiambia chochote. Nusu yangu ya kitabu niliitupa nilipohama nyumba, pamoja na magazeti ya zamani. Nakumbuka kuishika, nakumbuka ule upande uliokatwa kwa kisu cha mkate ulivyochanika, na nakumbuka kuitia kwenye gunia la taka.

Pale Kaloleni tulimzika Kache saa nane, chini ya jua kali, kwa nyimbo za kanisa lao. Baadaye wanawake tulikaa uani, na nikapewa chai na muhogo wa kuchemsha. Nyuma yangu mama mmoja alikuwa akimsimulia mwenzake. "Huyu alikuwa na kazi kubwa huko Malindi, kazi ya mashine. Sigara ndiyo iliyomrudisha." Mwenzake akaguna. "Na mamake hakumsamehe. Mpaka anakata roho alikuwa akisema, mwanangu alituchomea maisha kwa sigara." Niliurudisha muhogo sahanini. Nilikuwa nimekuja nikidhani, kwa muda wote ule, kwamba Kache aliwaambia watu wake. Nilikuwa nimejitayarisha kwa matusi. Kwa hili sikuwa nimejitayarisha kabisa.

Dama alikuja akaniinua. "Shikamoo, mama. Njoo ndani kidogo." Ni mwalimu wa shule ya msingi, mrefu, ana mabega ya mamake. Chumba cha Kache kilikuwa kidogo na safi, kitanda cha kamba, kabati la mbao, viatu viwili vimepangwa mlangoni kwa ndani. Dama akatoa kifurushi cha leso kabatini, akakifungua juu ya kitanda. Kurasa mia na kumi na mbili, zimekuwa njano, na pembezoni mwandiko wa penseli, mwingine wa zamani, mwingine wa juzi juzi. Alikuwa ameendelea kuisoma nusu yake. Alikuwa ameisoma bila mashine, miaka yote hiyo, akiuza nazi na kulea. "Nilipokuwa mdogo alinichorea kibodi kwenye boksi," Dama akasema. "Nilijua kupiga taipu kabla sijaona kompyuta. Nikimuuliza mbona kitabu kimekatika, husema nusu nyingine anayo Rukia, siku moja atakuja tubadilishane." Akafunua mwanzoni, kwenye orodha ya yaliyomo. Palikuwa na sura moja iliyozungushiwa penseli mara nyingi mpaka karatasi ikakaribia kutoboka. "Hii ndiyo aliyokuwa akiitaka zaidi. Alisema hajui inasemaje, lakini alikuwa na hakika wewe waijua. Unayo, mama? Umekuja nayo?"

"Sinayo," nikasema. "Niliitupa." Uso wake ulisawijika, nami nikaona kwamba angenisamehe hilo, angesema si neno, tungerudi nje kunywa chai na mimi ningepanda gari jioni nirudi zangu Malindi. Nilimtaka sana anisamehe hilo. Nikamwambia, "Lakini ukurasa huo naujua kwa moyo. Una kalamu?" Akachukua kalamu ya kusahihishia, akafungua ukurasa wa mwisho, palipobaki peupe chini. "Sema polepole," akasema, "nisikosee." Nikasema polepole, kwa Kiswahili, kama nilivyoutafsiri usiku ule na kamusi kifuani. Mashine isiwekwe karibu na moshi wa aina yoyote. Moshi hujenga utando unaoharibu diski. Diski moja ikiharibika, usitie nyingine kabla mashine haijasafishwa. Aliandika mpaka nukta. Kisha akarudi juu, akasoma tena kimya, midomo ikicheza, na nilijua amefika wapi. "Moshi wa sigara," akasema kwa sauti ndogo.

"Hapana," nikamwambia. "Mamako hakuvuta humo ndani. Ulikuwa udi. Nilikuwa nikikifukiza chumba kila Ijumaa, mimi, kwa mkono wangu. Nilijua kabla ya fundi kuja. Nikaulizwa nikanyamaza, na mamako akaondoka."

Kalamu ilikuwa bado mkononi mwake. Uani wale akina mama walikuwa wanacheka kitu. Dama hakunitazama. Alikuwa anatazama viatu vya mamake pale mlangoni.

"Andika na hilo," nikamwambia.